Kimya cha Skana si Ushahidi



Wasomaji wapenzi, tumezoea kukutana hapa kwa mazungumzo ya malezi, ya ndoa na ya jikoni. Leo naomba ruhusa yenu tuingie gereji. Wengi wetu, wake na wajane na mabinti, tunaendesha magari na kuyalipia matengenezo kwa pesa zetu wenyewe, na mambo ya gereji yamegeuka. Zamani fundi aliinama, akasikiliza mngurumo, akanusa moshi, ndipo akasema neno. Siku hizi huchomeka skana chini ya dashibodi akasubiri kuambiwa. Skana ikisema, kazi huwa nyepesi. Isiposema kitu, hapo ndipo mwenye gari anapaswa kuwa macho, maana kimya hufasiriwa kwa namna nyingi, na tafsiri nyingine ni ghali.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini ndoa ilinileta Nakuru, na huku ndiko nilikolelea wanangu. Mji huu, uliopandishwa hadhi ukawa jiji tarehe 1 Disemba 2021, uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,850. Asubuhi za Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka Menengai, mtu wa pwani hujitanda shali mbili na bado akatetemeka. Nalitaja baridi hili kwa sababu litakuja kutoa ushahidi wake hapo mbele.

Marehemu mume wangu alituachia Toyota Corolla ya mwaka 1998, iliyotoka Japani ikateremshwa bandarini Mombasa mwaka 2005. Gari hilo ndilo mguu wa biashara yangu. Napokea madira, kanga na mabaibui kutoka nyumbani Mombasa, nikawapelekea wateja Njoro, Gilgil na Naivasha. Lakini si gari langu peke yangu. Mirathi ilipogawanywa, fungu langu mimi mjane lilikuwa thumuni, la bi mkwe wangu sudusi, na lililobaki ni la wanangu wawili waliofiwa na baba. Kwa hiyo kila shilingi inayoingia katika gari lile, sehemu yake kubwa ni mali ya mayatima. Mwenye kushika mali ya yatima hawezi kulipa kwa sababu tu fundi amesema lipa. Lazima ajue analipia nini.

Mwaka huo baridi ilipoanza, gari likaingia ugonjwa. Alfajiri halikuwaka ila kwa taabu. Likiwaka hutetemeka, likazima, nikalirudia mara tatu au nne. Ikifika adhuhuri huwaka mara moja, likaenda vizuri kana kwamba halikuwa na neno. Na ile taa ndogo ya injini iliyo mbele ya dereva ikawa haizimi.

Nilikwenda gereji moja ambayo jina lake si la kutajwa hapa. Kijana wa pale alikuwa na skana nzuri yenye kioo kipana. Akaichomeka katika tundu lililo chini ya usukani, akabonyeza, akasubiri. Kioo kikaandika kwamba kimeshindwa kuunganishwa na gari. Akajaribu tena, mambo ni yale yale. Akaenda kuijaribu katika gari jingine lililokuwa uani, jipya kuliko langu, ikaunganishwa papo hapo. Akarudi kwangu akiwa na uso wa mtu aletaye habari ya msiba.

“Mama, kompyuta ya gari imekufa. Tutatafuta nyingine. Pamoja na kazi ni elfu arobaini na nane.”

Nikamuuliza, “Mwanangu, mashine imekwambia imekufa, au haikukwambia kitu?”

“Haijasema kitu, mama. Ndiyo maana nasema imekufa.”

Shilingi 48,000 zilikuwepo. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo ya binti yangu, aliyekuwa akisubiri kuingia chuo mwezi wa Septemba. Nilimshukuru kijana, nikamlipa ada ya uchunguzi, nikamwambia nitarudi nikishauriana na wenzangu. Kisha nikawasha gari, ilikuwa saa saba mchana, nikaondoka nalo mwenyewe hadi nyumbani.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani na cheche ilipuke wakati gani. Gari la namna hii, kompyuta yake ikifa kweli, halisogei. Tena kuna dalili ambayo hata asiye fundi huiona: ukifungua swichi kabla ya kuwasha, ile taa ya injini hujitokeza, kwa sababu kompyuta iko macho na inaamuru balbu ijaribiwe. Taa isipojitokeza kabisa, hapo kuna haki ya kuishuku kompyuta, au fyuzi yake, au hata balbu yenyewe. Yangu ilikuwa ikiwaka, na gari lilikuwa likitembea. Maiti haendeshi gari.

Jioni ile binti yangu akaja na kifaa kidogo cha kuchomeka, kile kinachozungumza na simu kwa Bluetooth, alichoazima kwa rafiki yake. Tulikaa naye garini, yeye na simu yake, mimi na tochi. Baada ya muda akasema jambo ambalo tangu siku ile nimelifanya kuwa kanuni: “Mama, simu imekishika kifaa, lakini kifaa hakilishiki gari.”

Maneno hayo yaligawa tatizo mara mbili. Hapa kuna watu watatu wanaozungumza, simu, kifaa na gari, na baina yao mna viungo viwili. Mtu asipojua kiungo kipi kimekatika, hurekebisha kilicho kizima.

Kiungo cha kwanza, baina ya simu na kifaa, kina maradhi yake. Huenda Bluetooth ya simu haijafunguliwa, au kifaa hakijaoanishwa na simu kwa namba yake ya siri, ambayo mara nyingi huwa 1234 au 0000. Huenda programu mbili zimefunguliwa pamoja, kila moja inakivuta kifaa upande wake. Na mwenye simu ya iPhone ajue kwamba vifaa vingi vya bei nafuu vya Bluetooth havionekani kabisa katika simu hiyo. Kwake hufaa zaidi kile cha Wi-Fi. Kwetu sisi kiungo hicho kilikuwa kizima.

Kiungo cha pili, baina ya kifaa na gari, ndicho kilichonipeleka kesho yake Bondeni, kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu. Ni mtu wa maneno machache, na karakana yake ni kibanda cha mabati na mwembe mmoja. Nilipomsimulia habari ya kompyuta iliyokufa, alicheka kidogo bila kumsengenya mtu, akasema, “Binti yangu, tuanze na vilivyo rahisi. Vigumu vitatungoja, havina miguu.”

Akakichomeka kile kifaa cha binti yangu katika gari la mteja wake, la mwaka 2012, kikaunganishwa. Basi kifaa ni kizima. Akarudi kwenye langu, akaangalia kama taa ya kifaa inawaka kinapochomekwa. Ilikuwa ikiwaka. Akanieleza kwamba tundu lile lina nafasi 16 katika safu mbili, nane juu na nane chini, na kila nafasi ina kazi yake. Ya 16 huleta umeme wa betri. Ya 4 na ya 5 hurudisha umeme kwenye ardhi ya gari. Kifaa kisipowaka taa, usiende mbali: tazama fyuzi kwanza. Katika magari mengi fyuzi ya tundu lile ndiyo hiyo hiyo ya kiwashio cha sigara au ya redio. Mtoto akidondosha sarafu ndani ya kiwashio, fyuzi hukatika, na siku skana inapokataa hakuna anayeikumbuka ile sarafu.

Lakini taa ya kifaa kuwaka, akasema, haimaanishi kwamba kompyuta iko macho. Umeme wa nafasi ya 16 huwa upo hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kompyuta huamka swichi inapofunguliwa. Wako wanaochomeka, wakabonyeza, wakalaumu, na kumbe swichi bado imefungwa. Akaifungua yetu, taa za dashibodi zikajaa. Akapima betri kwa mita yake: volti 12 na nusu, nayo inatosha, maana betri nzima iliyopumzika huwa na volti kama 12.6. Akachungulia ndani ya tundu kwa tochi: pini zimenyooka, hakuna kutu wala uchafu. Akajaribu tena. Kimya.

“Sasa,” akasema, “tumebaki na lugha.”

Jambo hili ningependa kila msomaji alielewe, kwa kuwa ndilo kiini cha kisa chote. Sisi watu wa pwani tuna mfano wake majumbani mwetu. Wazee wetu waliandika barua na hesabu zao kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha ilikuwa Kiswahili. Mpe barua ile Mwarabu asiyejua Kiswahili: herufi ataziona, nyingi atazitamka, maana haitamjia. Hatuwezi kusema kwamba barua ni tupu, wala kwamba msomaji ni kipofu. Wote wawili ni wazima, ila hawana lugha moja.

Ndivyo yalivyo magari ya umri wa langu. Tangu mwaka wa 1996, gari jipya la abiria linalouzwa Marekani lilishurutishwa na sheria kuwa na tundu la umbo moja na kuzungumza kwa kanuni iitwayo OBD-II. Lengo la sheria halikuwa kuwarahisishia mafundi kazi. Lilikuwa kuchunga moshi unaochafua hewa. Ulaya nayo ikashurutisha magari mapya ya petroli kuanzia 2001, na ya dizeli yakafuata baadaye. Japani, kwa magari yaliyouzwa ndani ya nchi yake, haikuwa na sharti hilo katika miaka ya 1990. Viwanda viliweza kuweka tundu lenye umbo lile lile la pini 16, huku kompyuta ikizungumza lugha ya nyumbani kwao. Ndiyo maana ndugu wawili wa kiwanda kimoja na mwaka mmoja, aliyepelekwa Marekani hujibu skana ya kawaida, na aliyebaki Japani, akauzwa huko, kisha akaja kwetu kupitia Kilindini, hunyamaza.

Tena hiyo OBD-II yenyewe si lugha moja. Ni tano, na skana hupaswa kuzijaribu mojamoja hadi ijibiwe. Vifaa vidogo vingi hujengwa juu ya chipu iitwayo ELM327, iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, na nakala zake za bei nafuu zimejaa madukani. Baadhi ya nakala hizo hazizijui lugha zote, hasa zile za zamani. Kwa hiyo hata gari la zamani lililofuata kanuni laweza kunyamazia kifaa duni, likajibu kifaa kizuri.

Nikamuuliza mzee, “Sasa huyu asiyejua lugha ya skana, tutamsikia vipi?”

Akanijibu, “Mwenyewe atasema kwa jicho.”

Magari ya Toyota ya miaka ile yamepewa njia ya kueleza ugonjwa wao bila skana yoyote. Swichi ikiwa imefungwa, mzee alitwaa kipande kifupi cha waya, akakiunganisha baina ya nafasi ya 4 na ya 13 za tundu lile. Kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikaanza kupepesa. Akaniambia, kama haina ugonjwa, ingepepesa haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kukoma. Ikiwa na ugonjwa, huhesabu. Yetu ikapepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa mbili tena, ikanyamaza kidogo, ikarudia hivyo hivyo. Binti yangu alikuwa akiandika kwenye karatasi. Mbili na mbili: ishirini na mbili.

Na taa nyingine za dashibodi, kama ile ya breki za ABS na ile ya mifuko ya hewa, zaweza kupepesa nazo wakati huo. Hilo lisimtishe mtu. La kutisha ni kukosea nafasi. Waya ukigusa ile ya 16, yenye umeme wa betri, fyuzi itaungua, au kitu cha thamani zaidi. Kwa hiyo siandiki haya ili dada yangu yeyote akachomeke waya kabla ya kwenda kupika. Nayaandika ili ajue kwamba njia ipo, na aweze kumuuliza fundi wake kama anaijua.

Namba 22, katika Toyota za namna ile, ni kitambuzi cha joto la maji ya injini, au waya zake. Mara moja kisa cha baridi kikafunguka. Injini ya asubuhi huhitaji petroli nyingi kuliko injini iliyopata moto. Kompyuta hujua kiasi cha kutoa kwa kuletewa habari ya joto na kitambuzi kile. Habari isipofika, kompyuta haigomi. Huchukua nadharia kwamba maji yana nyuzijoto 80, ili walau ikufikishe nyumbani. Adhuhuri nadharia hiyo inakaribia ukweli, ndiyo maana gari lilikwenda vizuri. Lakini alfajiri ya Nakuru, injini ikiwa imelala nje usiku kucha, kompyuta ilikuwa ikiilisha kama injini ya moto, nayo ikafa njaa. Lau gari lile lingekuwa Mombasa, ambako hata alfajiri ni vuguvugu, huenda ugonjwa ungejificha miezi mingi zaidi.

Hata hapo mzee hakununua kitambuzi. Alikifungua, akakipima kwa mita kikiwa baridi, kisha akakitia katika kikombe cha maji ya moto akakipima tena. Kitambuzi kizima, kwenye nyuzijoto 20, huonyesha ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzijoto 80, hushuka hadi baina ya 200 na 400. Chetu kilishuka ipasavyo. Basi kitambuzi hakina hatia. Akafuata waya kwa vidole, na karibu na plagi yake akakuta mmoja umeoza ndani ya ngozi yake, umeshikilia kwa uzi mmoja. Akaukata, akaunga kwa risasi, akaufunika. Kisha akaifunga swichi na kuitoa fyuzi ya mfumo wa petroli kwa muda mfupi ili kompyuta isahau lawama ya zamani, akairudisha. Akaunganisha tena kile kipande cha waya. Taa ikapepesa kwa mwendo mmoja, bila kuhesabu.

Alinitoza shilingi 1,500. Nilitaka kumwongeza, akasema, “Chukua iliyobaki umnunulie binti daftari.” Asubuhi iliyofuata, na baridi yake yote, gari liliwaka kwa mara ya kwanza. Karo ililipwa Septemba, na katika daftari la hesabu za wanangu niliandika: waya, 1,500.

Sisemi kwamba yule kijana wa kwanza alikuwa mwizi. Huenda alisema alichokiamini. Amefunzwa kwa magari ambayo skana huyajua, na hajapata kuambiwa kwamba yapo mengine. Kosa la hoja yake lilikuwa moja: alitwaa kutojua kwake akakufanya ugonjwa wa gari. Na kosa hilo haliko gereji peke yake. Mtoto asipojibu darasani, tunasema hana akili, kabla ya kuuliza kama swali limemfikia kwa lugha anayoielewa. Bibi mzee akinyamaza mbele ya daktari, tunasema hana maumivu.

Basi, dada zangu, fundi akikwambia skana imekataa na kwa hiyo kompyuta imekufa, muulize kwa upole na uangalie atakavyojibu. Skana hiyo imejaribiwa katika gari jingine? Tundu lina umeme, na swichi ilikuwa imefunguliwa? Fyuzi zimetazamwa? Gari hili ni la mwaka gani na liliuzwa nchi gani, na skana hii inaijua lugha yake? Ile taa ya injini hujitokeza ukifungua swichi? Kuna njia ya kusoma namba kwa kupepesa? Na kabla ya kununua kitu chochote: kimepimwa, au kimeshukiwa tu? Fundi mwaminifu hataudhika. Atafurahi kumpata mteja anayemwelewa, na kazi yake itakuwa na shahidi. Akiudhika, funguo ni zako. Kuuliza si ujinga, na gari linalotembea linaweza kwenda kwa fundi mwingine.

Na wenye wana wa kiume na wa kike wanaosomea ufundi, wahimizeni wakakae pia na wazee wa karakana, walau siku za likizo. Elimu ya kusoma jicho la gari haijaandikwa kwenye kioo cha skana, na wanaoijua wanazeeka. Binti yangu bado anakiazima kile kifaa kidogo, na katika jalada la daftari lake amebandika karatasi aliyoandika siku ile chini ya mwembe: mbili, kituo, mbili.

Wabillahi tawfiq.